Namba ya Mlinzi

Tangu Jumatatu mama mkwe alikuwa akivaa gauni lake la kutokea kila asubuhi, anajifunga kilemba, anaweka mfuko wa nguo miguuni, kisha anakaa sebuleni kusubiri simu. Jumatano ikafika, simu ya hospitali haijapigwa. Si kwamba simu haikulia. Ililia mchana kutwa, maana ilikuwa simu ya mwanawe, na mwanawe ni fundi viatu, lakini wote waliopiga walikuwa wanaulizia viatu vyao.

Madaktari wa macho huja mjini mara moja kwa mwaka. Hukaa wiki moja, na Ijumaa jioni hufunga mizigo wakaondoka. Wagonjwa walishapimwa na kuandikishwa zamani, kilichobaki ni hospitali kumpigia mtu simu aje atolewe mtoto wa jicho. Jirani wa upande wa kushoto alishaitwa, akapasuliwa, akarudi na bandeji, na sasa alikuwa anapita barazani mara nne kwa siku ili aulizwe hali. Mama mkwe hakuulizwa na mtu. Jicho la kulia lilikuwa limezima kabisa, la kushoto likiona vivuli tu, na juzi aliliamkia koti la mwanawe lililotundikwa mlangoni, akakaa kusubiri liitikie.

"Wewe si ndiye mwenye hiyo kompyuta ya hospitali?" fundi viatu alimwuliza mkewe, akitia viatu vya watu kwenye gunia la kwenda nalo kibandani. "Angalia basi. Wiki inaisha."

"Wanaita kwa foleni. Zamu yake itafika."

"Na kama wamemsahau?"

"Mfumo hausahau, baba watoto. Na haukosei. Aliyeandikishwa, simu yake imo. Bila simu fomu haikubali."

Mama mkwe aligeuza uso upande sauti ilikotoka. "Simu ipi? Mimi sikutoa simu."

"Lazima ulitoa, mama."

"Mke wa mwanangu, mimi nimepungukiwa macho, akili ninayo. Yule karani aliniuliza, 'Una simu?' Nikamwambia sina. Akasema haya, pita."

Mkewe fundi viatu alikuwa na kikombe mkononi. Alikiweka chini, akachukua mkoba wake, akatoka bila kumaliza chai.

Kazini walimwita Mama Nyekundu, na jina hilo alijipatia mwenyewe. Hospitali ilipomwajiri kwa mkataba wa majaribio, wagonjwa walikuwa wanaandikwa kwenye daftari: jina nusu, umri wa kukisia, mtaa hakuna. Akatengeneza fomu ya kompyuta isiyojua huruma. Ukiacha nafasi moja wazi, maandishi makubwa mekundu yanaruka katikati ya skrini: KOSA. SEHEMU HII NI YA LAZIMA. Makarani walijaribu kuweka nukta wapite, akaizuia nukta. Walijaribu masifuri, akayazuia na masifuri. Namba ya simu ikawa haikubaliwi mpaka itimie tarakimu zote na ianze inavyopaswa kuanza. Mwanamke huyu aliipenda kazi yake kwa namna ya kuudhi. Lile jina walilompa kwa kumcheka, yeye akalivaa kama nishani.

Lakini nishani haijazi chungu. Watu siku hizi hawashonwi viatu, wanatupa wananunua vingine, kwa hiyo nyumba ilisimama juu ya mshahara wake, na Ijumaa hiyo hiyo mganga mkuu alikuwa ameitisha kikao cha kuamua kama mfumo unabaki au daftari linarudi. Makarani walishapeleka malalamiko yao. Hakuhitaji mtu wa kumwambia kwamba mfumo ukitoka, na mwenye mfumo anatoka.

Getini alimkuta mlinzi, yule wanayemwita Kamanda, ana simu sikioni na uso umekunjamana. Alimpungia mkono akapita. Hakuwa na nafasi ya salamu ndefu.

*

Kumbukumbu ya mama mkwe ilikuwemo. Jina kamili, umri, mtaa, jicho la kulia, jicho la kushoto, kila nafasi imejazwa na kila nafasi ina alama yake ya kijani. Hata mtu wa ukaguzi angeipenda. Chini, karani wa kupiga simu alikuwa ameandika: *Amepigiwa mara tatu. Anasema si yeye.*

Aliisoma ile namba ya simu. Haikuwa ya mumewe. Haikuwa yake, wala ya jirani. Akainua simu ya mezani, akaipiga, akasogea dirishani waya ulipofikia.

"Halo," sauti ya kiume ilisema.

"Halo. Hapa ni hospitali. Tunamtafuta mama mmoja mwenye miadi ya macho."

"Nyinyi tena. Dada yangu, niliwaambia juzi, nikawaambia jana. Mimi ni mwanamume, nina macho mawili, na yote yanaona mpaka gizani. Huyo mama simjui. Na yule babu mliyemwulizia asubuhi simjui. Na yule wa bandeji simjui. Niacheni nilinde."

Huku akisikia maneno hayo, Mama Nyekundu alikuwa anatazama nje. Pale getini Kamanda alikuwa na simu sikioni, mkono wa pili unainua kizuizi gari lipite. Alipokata simu, Kamanda naye aliishusha yake, akaitikisia kichwa, akaitia mfukoni.

Alirudi kwenye kiti. Akaiandika namba ile kwenye kisanduku cha kutafutia, akabonyeza, akasubiri. Majina yakaanza kushuka. Yalishuka mpaka yakajaza skrini, akasogeza, yakajaza tena. Wazee, wajane, vibarua, mama wenye watoto wachanga, zaidi ya watu mia tatu wote wenye simu moja, na simu hiyo iko getini inalindwa na mwenyewe. Akachuja waliokuwa wakisubiri madaktari wa macho. Wakabaki arobaini na mmoja. Hakuna hata mmoja aliyekuwa amepasuliwa.

Akaogopa kweli, akainakili namba ile kwenye karatasi. Kisha akaenda dirisha la mapokezi.

"Hii namba ni ya nani?"

Karani mkuu alikuwa mwanamke mnene, mchangamfu, aliyekaa kwenye dirisha lile miaka mingi kuliko kiti chenyewe. Akaitazama karatasi, akatazama pembeni. "Si ndiyo ya Kamanda hiyo."

"Najua ni ya Kamanda. Imefikaje kwa mama mkwe wangu?"

"Yule mama ni mkweo?" Karani akashika kifua. "Sasa mbona hakusema? Angesema tu."

"Hakutaka kuingia kwa jina la mtu. Nijibu."

Karani mkuu alifunga kidirisha, foleni ikaguna nje. "Ngoja nikwambie, na usinikasirikie. Mtu anakuja hapa, hana simu. Nikiacha wazi, fomu yako inanipigia makelele. Nikiweka nukta, nyekundu. Nikiweka sifuri, nyekundu. Nyuma yake kuna watu sitini na wote wananitukana mimi, hakuna anayekutukana wewe. Namba ninayoijua kwa kichwa ni ile iliyoandikwa ukutani pale getini, 'Mlinzi wa zamu'. Siku moja nikaiweka. Ikakubali. Ikaniwekea na kijani. Wenzangu wakaniuliza nimefanyaje, nikawaambia."

"Si ungekuja kunieleza?"

"Nilikuja. Siku ya kwanza kabisa. Nikakwambia kuna watu hawana simu, ukanijibu mbele ya watu, 'Lazima ni lazima, dada, haina tafsiri.' Watu wakanicheka. Nikarudi zangu dirishani."

Ilikuwa kweli. Alikumbuka jibu lile, na alikumbuka pia jinsi alivyolifurahia njia nzima siku ile. Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo yenyewe alikuwa ameishona kwa mkono wake.

Karani alishusha sauti. "Tuyamalize kiutu uzima. Mbadilishie mkweo namba, weka ya mumeo, kesho aitwe apasuliwe. Mimi nitafunga mdomo. Hawa wengine watakuja mwakani, na Ijumaa na wewe unapata mkataba wako. Ukilisema hili, mganga mkuu anarudisha daftari kesho asubuhi, na mimi na wewe tunagawana lawama."

Ubaya wa shauri lile ni kwamba lilikuwa shauri zuri. Mama Nyekundu alirudi mezani kwake, akaifungua kumbukumbu ya mama mkwe, akafuta namba ya Kamanda, akaandika ya mumewe. Fomu ikakubali mara moja. Akaomba ruhusa akaenda nyumbani kumpasha mama habari.

*

"Mama, inuka. Umeitwa. Kesho asubuhi."

Bibi kizee alishika ukingo wa kiti, akasimama. Akaupapasa mfuko, akaupata, kisha akasita. "Na yule bibi tuliyekaa naye benchi moja siku ya kupimwa? Ameitwa?"

"Yupi, mama?"

"Mwuza mkaa. Yeye alikuwa mbele yangu, na yeye alisema hana simu. Sisi wawili tulicheka, tukasema tuko sawa. Kama mimi nimeitwa, yeye aliitwa kabla yangu."

"Yeye bado."

"Bado vipi, na yuko mbele?"

Mama mkwe akakaa tena, taratibu, mfuko mapajani.

"Mke wa mwanangu, nimekaa na giza miaka minne. Giza linafundisha kusikiliza. Hebu niambie hicho kilichokukaa kooni."

Akamwambia. Alimwambia yote: nyekundu, kijani, Kamanda, watu arobaini na mmoja, shauri la karani na kikao cha Ijumaa. Alipofika kwenye jibu lake mwenyewe, lile la lazima ni lazima, alilazimika kuanza upya. Mama mkwe alisikiliza mpaka mwisho bila kukatiza. Kisha akanyanyua mikono, akafungua kilemba, akakikunja vizuri juu ya mfuko.

"Hao wengine nao wana nguo zao za kutokea," alisema. "Saa hizi wamekaa wamevaa. Kawaite. Na mimi uniite pamoja nao, zamu yangu ikifika."

"Mama, nikilisema hili ninaweza kukosa kazi. Na muda umebaki leo na kesho, keshokutwa wanaondoka. Nisipowapata wote wewe mwenyewe utabaki hivi hivi mwaka mzima."

"Nimesikia. Sasa unasimama hapo unangoja nini?"

*

Mganga mkuu alikuwa mtu mzito, wa kufuta miwani kabla ya kila jibu. Aliifuta muda mrefu siku hiyo.

"Kwa hiyo hospitali yangu imekuwa ikimpigia simu mlinzi wake mwenyewe."

"Ndiyo, daktari."

"Na yeye anatwambia si yeye, na sisi tunaandika mgonjwa hapatikani."

"Ndiyo."

"Kosa la nani?"

Karani mkuu, aliyekuwa amesimama mlangoni kwa kuitwa, alitazama sakafu. Mama Nyekundu alimtazama, kisha akamtazama mganga mkuu.

"La kwangu. Fomu niliitengeneza mimi. Nilimwekea mtu mlango ambao haufunguki mpaka aseme uongo, halafu nikajisifu kwamba mlango wangu ni imara. Rekodi zote zina kijani, daktari. Nilikuwa nahesabu kijani, sihesabu watu."

Miwani ikavaliwa. "Hilo nitalishughulikia. Madaktari wanafunga keshokutwa saa kumi na moja jioni. Nikiwaona hao watu wako kwenye benchi kabla ya hapo, mimi na wewe tutazungumza. Nisipowaona tutazungumza vilevile, ila yatakuwa mazungumzo mafupi."

Walipotoka, karani mkuu alimfuata ukumbini akihema. "Ungenitaja," karani alisema. "Mimi ningekutaja."

"Utanisaidia kuwatafuta?"

"Sura zao nazikumbuka wote. Majina ndiyo hayakai kichwani."

*

Tatizo lilikuwa hilo. Fomu ilikuwa na jina na mtaa, na mtaa mmoja una nyumba mia tano na watu watatu wa jina moja. Alhamisi asubuhi, Mama Nyekundu alifuatana na karani mkuu, karatasi mkononi, mpaka kibandani kwa mumewe, akamsomea jina la kwanza. Fundi viatu alikuwa anapaka gundi kwenye soli, hata hakuinua kichwa.

"Majina ya watu siyajui. Niambie mtu mwenyewe yukoje."

"Nitajuaje yukoje? Mzee, miaka sabini na mbili, mtaa wa mashine ya kusaga."

"Anavuta mguu?"

Karani mkuu akadakia. "Anavuta. Wa kushoto."

"Basi ni raba nyeusi, kisigino cha kushoto kimelika upande. Namshonea kila mara. Nyumba ya pili baada ya mashine, mlango wa buluu. Mwingine."

"Mama, miaka sitini na tano, mtaa huo huo, mrefu," alisema karani.

"Mrefu mwenye miguu midogo? Kandambili za mwanawe, zinampwaya. Yule hupatikana kwa mwuza maji."

Walikwenda hivyo mpaka karatasi zikajaa alama. Mama Nyekundu alikuwa ameolewa na mtu huyu miaka sita, na hakuwahi kujua kwamba nusu ya mji imo kichwani mwake kuanzia kifundo cha mguu kushuka chini. Kamanda naye akaja, amevaa sare kamili na kofia. Alikuwa amebadilishana zamu. Mtu akamwuliza na yeye anatafuta nini.

"Hawa ni watu wangu," alisema. "Wiki nzima wamepigiwa kwangu. Nataka kuwaona sura."

Wakagawana mitaa. Mama mkwe aliwekewa kigoda pale kibandani, kazi yake ikiwa kusikiliza. Kila aliyepita akatoa salamu, bibi alimshika kwa maswali: shikamoo yako inatoka mtaa gani, nyumbani kwenu kuna mzee asiyeona, mwambie aje. Kufika mchana alikuwa amewapata wanne bila kuinuka alipokaa, na wa kwanza wao alikuwa yule mwuza mkaa.

Wengine hawakuwa rahisi. Seremala mmoja mstaafu walimkuta nyuma ya nyumba yake, anapapasa ubao aliouacha bila kumaliza miaka mingapi sijui. Mama Nyekundu alijieleza. Mzee alisikiliza, akacheka kidogo, kicheko kisicho na furaha.

"Mwanangu, walisema watanipigia. Na niliwaambia sina simu. Nikaelewa. Nikajua hiyo ndiyo njia ya kistaarabu ya kumwambia mzee nenda kafe."

Machozi yalimjaa Mama Nyekundu, akaona aibu kulia mbele ya mtu ambaye ndiye mwenye haki ya kulia. Kamanda ndiye aliyevua kofia akachuchumaa mbele ya yule mzee.

"Baba, walipiga. Nilipokea mimi. Nikawaambia sikujui." Akamshika mkono akauweka begani kwake. "Sasa nimekujua. Twende."

Nyumba moja walichelewa. Karani mkuu aliingia uani akiita kwa ule uchangamfu wake wa dirishani, na binti wa nyumba akamwambia baba walishamzika. Hakuwa amekufa kwa macho, alisema binti, ila wiki zake za mwisho alikuwa anauliza kama simu imelia. Karani alitoka akakaa kwenye jiwe kando ya njia. Kisha akainuka, akauliza anayefuata ni nani.

*

Ijumaa asubuhi mganga mkuu aliposhuka kwenye gari lake, hakuona benchi. Aliona watu. Walijaza ukumbi wa macho, wakajaza ngazi, wakakaa mpaka kivulini kwenye ukuta wa getini, chini ya ile namba ya mlinzi wa zamu. Kila mmoja alikuwa na mfuko wake na nguo yake ya kutokea. Walikuwa thelathini na wanane. Kati ya arobaini na mmoja, mmoja ndiye yule marehemu, mmoja alihamia mbali kwa bintiye, na mmoja aliogopa kisu, akasema bora giza analolijua.

Mkubwa wa madaktari wa macho alikuja na glavu mikononi, akatazama ukumbi, akamtazama mganga mkuu. "Nyinyi si mlituambia hawapatikani?"

"Wamepatikana."

Daktari akavua saa yake ya mkononi kwa meno, akamkabidhi muuguzi amtunzie. Saa kumi na moja ikapita bila mtu kuitaja. Wa mwisho kuingia alikuwa mama mkwe, kwa sababu kila alipoitwa alisema ampishe kwanza huyu aliye karibu naye. Fundi viatu alimsubiri mlangoni akiwa na viatu vya mama yake mkononi, ameving'arisha mpaka vinaona mbele kuliko mwenyewe.

Kikao kikahamishiwa Jumatatu. Mama Nyekundu aliingia na fomu yake mpya, usingizi umemshika, hana hata hotuba. Mganga mkuu akamwambia karani mkuu akae kwenye kibodi aijaribu. Karani hakuhitaji kubembelezwa. Aliandika jina la kubuni, akafika kwenye simu, akapiga tarakimu za Kamanda haraka haraka kama alivyozoea. Maandishi yakatokea pale pale kando ya nafasi ile, madogo, si mekundu ya kurukia mtu usoni: *Namba hii wanayo wagonjwa wengine wengi. Mwulize mgonjwa kama kweli ni yake.*

Kikao kizima kikacheka. Kamanda, aliyeitwa kama shahidi, alicheka kuliko wote.

"Imenikamata," karani alisema, "lakini imenikamata kwa adabu." Akafuta, akaacha wazi, akasoma kilichotokea, akabonyeza, akaendelea mpaka mwisho. Kisha akageuza kiti. "Daktari, barua ya malalamiko niliiandika mimi, na wenzangu wakatia sahihi. Naomba nirudishiwe."

"Nimeichana Ijumaa," mganga mkuu alisema, akifuta miwani. "Daftari lipelekwe stoo. Na huyu apewe mkataba wake, wa kudumu. Kuna mwenye neno?"

Hakukuwa na mwenye neno. Mama Nyekundu alipofika nje alijikuta anatembea kwa haraka, kisha anakimbia, mwanamke mzima na mkoba wake, kuelekea kibanda cha viatu, na hakujali nani anamwona. Mumewe alipomwona anakuja hivyo alisimama, gundi mkononi, akajua kabla hajaambiwa.

*

Wiki chache baadaye mama mkwe alirudi hospitali kuandikisha jicho la pili. Alikataa kushikwa mkono. Alitembea mwenyewe toka getini, akimwambia kila mtu rangi ya nguo aliyovaa mwenye nguo, kana kwamba wenyewe walikuwa hawajui. Alipofika kwa Kamanda alisimama akamkagua juu mpaka chini, akamwambia sauti yake ilikuwa imemdanganya, alidhani ni mtu mnene.

Dirishani, karani mkuu alimpokea kwa shikamoo ndefu, akaanza kujaza. Jina, umri, mtaa.

"Una simu, mama?"

"Sina."

Karani hakuandika kitu. Aliigeuza skrini ikatazama nje. "Soma mwenyewe hapo."

Bibi aliinama, akakunja jicho lake moja zima, akasoma kwa sauti, neno kwa neno, foleni nzima ikasikia: "Kama mgonjwa hana simu, si kosa. Mwulize: tukitaka kukuita, tumwambie nani?"

Akalirudia lile la katikati, polepole, kwa ajili yake mwenyewe. Si kosa. Kisha akainua kichwa, akatazama ndani ya ofisi, mbali, kule mwisho kwenye meza ya pembeni, ambako mwanamke mrefu wa gauni la kijani alikuwa ameinamia kompyuta yake wala hajui kama anatazamwa. Bibi alinyoosha kidole moja kwa moja, bila kupapasa.

"Mwambieni yule pale," alisema. "Yule ni mwanangu."